Shubiri kwa Kidole

Magari mazuri hayakuwahi kunishughulisha. Likipita gari jipya la mkubwa fulani, linang'aa mpaka unajiona sura, wenzangu walilikimbilia hadi njia panda, mimi nikabaki na kazi yangu. Lakini likija bovu, linakohoa, mlango umefungwa kamba, bodi imeliwa na kutu, hapo niliacha kila kitu nikaenda kulitazama. Gari jipya halina la kukuambia. Kuukuu lina habari zake zote mwilini.

Baba yangu alikuwa fundi bati kule Nduguti. Alitengeneza vibatari, ndoo na mikebe ya kupimia chumvi, yote kwa madebe na makopo yaliyotupwa, nami nikajifunza kazi hiyo kwake kama wenzangu walivyojifunza kusuka vikapu kwa mama zao. Vipande vilivyobaki vilikuwa vyangu. Kwa vipande hivyo nilitengeneza magari yasiyopendwa na mtu: Landrova ya kodi iliyowafanya wanaume wazima wajifiche kwenye mtama, lori la dawa ya ng'ombe ambalo lilitangulizwa na harufu yake, na basi moja ambalo abiria walilisukuma kwenye kila kilima na nauli wamekwisha kulipa. Wavulana walitengeneza yao kwa mabua na waya, yote ya wakubwa, wakanicheka kwamba ninajenga makaburi ya magari. Niliwaambia wacheke vizuri, meno yapate hewa.

Sikukadiria kwa macho. Shubiri moja ya gari la kweli, yaani toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho nikitanua mkono, niliifanya upana wa kidole kimoja kwenye gari langu. Shubiri kwa kidole, toka bampa hadi taa za nyuma. Na baba alinipa sharti moja la kazi ambalo sijalivunja hadi leo: kitu kipya pima upande mmoja, kikuukuu pima pande zote mbili, maana kitu kikishaishi hakibaki sawasawa.

Niliolewa Ilongero miaka ile ya ujamaa, watu walipokuwa wamekwisha kuhamia pamoja na kila mmoja bado analalamika kuhusu jogoo wa jirani. Nilifika na mkasi wa bati na chuma cha kulehemu sandukuni, chini ya khanga. Mume wangu alipofungua sanduku alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka, ndiyo maana nilimkubali. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza tu kama ninaweza kuziba sufuria. Niliziba yake, nikaziba za majirani, na kabla Kinyaturu changu hakijavuka kuomba maji, nilikuwa na jina zuri kijijini.

Aliyekuwa mgumu ni baba mkwe. Si kwamba alikuwa mkali. Ilikuwa ni heshima, kwamba mke wa mwana hasemeshwi ovyo, na jambo hilo yeye alilishika kwa mikono miwili. Nilimpa shikamoo nimepiga goti, akanijibu marahaba, na hapo maongezi yetu yakaisha mpaka kesho. Akitaka kitu na hakuna mtu mwingine uani, alimwambia kuku. "Wewe kuku," alisema, macho kwa kuku, "maji ya kuoga yangefaa sasa." Kuku alimtazama, mimi nikapeleka maji. Kulikuwa na kuku mmoja mweupe mwenye kishungi ambaye alizoea kazi hiyo kabisa. Baba akikaa tu kwenye kigoda chake, kuku huyo alikuja mwenyewe miguuni kusikiliza, na mambo mengi ya nyumba ile yalipitia kwake.

Baba mkwe alikuwa dereva wa lori la kijiji. Lori lenyewe tulilirithi kutoka wilayani, nao wilayani walilirithi sijui wapi, na kijiji kizima kililichukia. Lilipeleka mtama na alizeti mjini, likarudi na mbegu, majembe na mabati ya zahanati, lakini sikusikia mtu akilishukuru. Waliliita Mlafi kwa sababu lilikula matairi. Likivishwa mapya, muda si muda yalikuwa yamesagika upande mmoja kama soli ya mtu anayechechemea. Na enzi zile tairi ulilisubiri mpaka ukasahau kwamba uliliomba.

Mimi nililipenda tangu siku niliyoliona. Taa moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili, imetoka kwenye gari jingine. Mlango wa dereva ulikuwa wa kijani, wa upande wa pili wa buluu. Boneti ilifungwa kwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe, na ukiligusa ubavuni unasikia limejaa mabonde na vilima kuliko njia ya kwenda Mtinko. Nilisema moyoni kwamba hili sitaliacha.

Kulipima ndiko kulikokuwa na kazi. Baba akiwa ndani sikuweza kulisogelea, na akiwa hayupo sikuweza kukalia kiti chake cha dereva, maana mke wa mwana hakalii kiti cha baba mkwe. Nilisubiri siku ya mapumziko, baba amejinyoosha kivulini, nikalizunguka na shubiri zangu. Mama mkwe alisimama pembeni akilinda, na kila baba alipojigeuza mama alikohoa nami nikajitia ninaokota kuni. Alikohoa sana siku ile, mpaka jirani akamletea mwarobaini.

Bodi niliikata kwenye debe la mafuta ya taa. Taa zilikuwa vifuniko vya chupa za dawa ya sindano kutoka zahanati, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Mkanda wa boneti ulikuwa ngozi kweli. Magurudumu sita niliyakata kwenye kandambili za mume wangu, ambazo kwa maoni yake zilikuwa bado nzima, na jambo hilo tulilizungumza kwa muda mrefu.

Lilipokamilika nililiweka sakafuni, nikalisukuma. Likaenda upande, likagonga mguu wa kitanda. Nikalirudisha, nikalisukuma tena. Mguu wa kitanda ule ule. Mume wangu alikuwa amelala chali anaangalia, akasema labda Mlafi wangu ana usingizi. Kisha akasema, kwa upole ambao uliniudhi zaidi, kwamba labda mkono wangu ulichoka wakati wa kupima.

Hasira zangu mimi ni za kufanya kazi. Nilichoma chuma cha kulehemu, nikabandua ekseli zote mbili, nikaunga upya kwa vipimo vile vile. Mguu wa kitanda. Sasa hata mimi nikaanza kuushuku mkono wangu, na hilo liliniuma, kwa sababu mkono ule aliufundisha baba yangu.

Wakati huohuo kijijini maneno yalikuwa yameiva. Matairi mapya yalikuwa yamesagika tena, na mtu mmoja, sijui nani aliyeanza, alisema kwamba dereva anauza mapya mjini na kurudi na makuukuu. Likasemwa kisimani, likasemwa ghalani, likatufikia nyumbani limenenepa. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mkutano kwenye baraza la ghala. Kila mtu alijua utakachoamua: baba atanyang'anywa funguo, na atazinyang'anywa kama mwizi.

Yeye alichukua ndoo na kitambaa. Aliliosha lori asubuhi, akaliosha tena jioni. Ugali aliumega akauacha. Alikaa kwenye kigoda, kuku mweupe akaja, akasimama, akangoja, akaondoka zake. Nilimhurumia mzee yule, na sikuwa na ruhusa hata ya kumpa pole.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilichukua kamba ya katani nikaenda kwenye lori. Kama mkono wangu ni mwongo, kamba itausema. Nilivuta kamba toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, nikafunga fundo. Nikaenda upande wa kushoto. Fundo halikufika. Lilipungua vidole vitatu. Nikarudi kulia, likafika sawasawa. Nikarudi kushoto, vidole vitatu. Nilisimama pale na kamba yangu nikacheka peke yangu kama mwehu. Mkono wangu haukuwa na kosa lolote. Mlafi ndiye aliyepinda. Upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi, anatembea kiubavu miaka yote hiyo, na gurudumu linaloburuzwa kiubavu litaachaje kusagika?

Nilimkimbilia mama mkwe. Aliniambia niseme tena, polepole. Nikasema. Akanitaka nilisukume lile dogo mbele yake, likagonga mguu wa kitanda, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekaa vizuri. Mume wangu alitaka amwendee baba yake mara moja, kimyakimya.

"Hapana," mama alisema. "Wamemsema hadharani. Atasafishwa hadharani."

Mkutanoni tulikaa upande wa wanawake. Walisema wenye kusema. Mjumbe mmoja alizungumza muda mrefu kuhusu mali ya umma, na hakuna alilosema ambalo halikuwa kweli, isipokuwa kwamba halikumhusu baba. Baba alipopewa nafasi alisimama, kofia mkononi, akasema hajawahi kuuza hata nati moja ya gari lile, akakaa. Watu waliangalia chini.

Hapo mama mkwe akainuka. Alitoa Mlafi wangu chini ya khanga yake, akaenda hadi kwenye meza ya mwenyekiti, akamweka juu. Minong'ono ikaanza, maana walimtambua mara moja: taa kubwa na ndogo, mlango wa kijani na wa buluu. Mtoto mmoja akalitaja jina lake kwa sauti, kicheko kikazuka. Mama akalielekeza gari mbele, akalisukuma. Likakata meza kiubavu, likatumbukia kwenye mapaja ya mwenyekiti, aliyekuwa amevaa suruali yake nyeupe ya mikutano. Watu walivunjika mbavu. Mwenyekiti naye, nampa sifa yake, alicheka.

Mama alingoja kicheko kiishe.

"Limepimwa kwa lori lenu, shubiri kwa kidole," alisema. "Hakuna aliyelipindisha. Tokeni mkalipime lile kubwa."

Sijaona mkutano ukitoka vile. Kila mtu alitaka kushika kamba. Walipima kulia, wakapima kushoto, wakasema kamba imelegea, wakapima tena. Wasioamini kamba wakapima kwa shubiri, pakazuka ubishi mkubwa wa nani ana mkono wa kawaida. Wajumbe walikuwa wamechuchumaa vumbini pamoja na watoto. Kila mara kushoto kulizidi.

Mwisho baba akaichukua kamba mwenyewe. Akapima mara moja tu. Kisha akavua shati, akaingia chini ya lori na spana. Tulimsikia akibandua tope na grisi iliyoganda miaka kwa miaka. Alipotoka alikuwa mwekundu wa vumbi toka kichwani, na kiganjani alikuwa na kipande cha bolti. Ndiyo bolti ya kushikilia springi juu ya ekseli. Ilikatika zamani, pengine kabla lori halijaletwa kwetu, na ekseli upande mmoja ikateleza nyuma. Alisema tangu alipokabidhiwa gari lile alilazimika kuukunja usukani kidogo ili lishike njia, akadhani ndivyo lilivyo. Alikipitisha kile kipande kwa watu, mkono kwa mkono, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa kijana.

Mwenyekiti aliomba radhi mbele ya wote, Mlafi mdogo bado yuko mikononi mwake, hajui amweke wapi. Fundi wa mjini aliweka bolti mpya, na lori lilipoondoka tena kwenda Mtinko lilikwenda limenyooka, sehemu ya nyuma imejaa watu wasio na safari yoyote, wanaimba. Nami nilikuwemo. Matairi yalidumu, na watani wakaanza kuliita Mfungaji, kwa kuwa limeacha kula. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuificha, na mume wangu akasema sasa kandambili zake zimesamehewa.

Jioni moja baada ya hapo nilikuwa uani ninachekecha unga wa mtama. Mama alikuwa kisimani, mume wangu shambani. Baba mkwe akaja na kigoda chake, akakaa, na kuku mweupe akaja mbio. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo, akaniitikia, nikaanza kuinuka kwa ajili ya maji ya kuoga yatakayoagizwa.

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa magurudumu madogo sita, ameyachonga mwenyewe kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu la Mlafi, kila moja lina tundu katikati na kashata zake za kushika njia. Akaninyooshea.

"Mwanangu," alisema, "hizo kandambili zinalitia aibu. Livishe haya."

Niliyapokea kwa mikono miwili, yenye unga. Asante yangu ilitoka kwa shida. Kuku alikuwa pale pale miguuni pake, ameinua shingo, na hakuambiwa kitu.