Mama Matawi

Mwalimu wa jiografia huanza kila somo kwa kuchora duara katikati ya ubao, kisha huliotesha matawi huku akiimba chini kwa chini, vumbi la chaki likimjaa puani. Wanafunzi humwita Mama Matawi, naye huitika. Siku moja duarani aliandika "Mafuriko", na tawi nene kuliko yote likawa "Mvua". Binti wa dawati la nyuma, asiyezoea kufungua kinywa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona mvua ya mwaka jana ilikuwa kubwa zaidi na maji hayakuingia majumbani? Mwaka huu yameingia kwa sababu wamefukia mfereji wa maji ya mvua." Mwalimu akautazama ubao, akaangua kicheko, akalifuta tawi lake kwa kiganja. "Njoo, mwanangu, lile nene lichore wewe." Akamkabidhi chaki, akaenda kuketi pale nyuma, akaanza kunakili.