Mpaka Mkono Upone

Shemeji yangu alinikata kwa panga chini kidogo ya kiwiko, msimu wa kwanza baada ya kumzika mume wangu, kwa sababu nilikataa kumwachia majaruba ya mpunga. Ukoo ukasema tuyamalize nyumbani. Sungusungu wakamtoza ng'ombe, kisha wakamtenga: asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asisaidiwe shambani, mpaka mkono wangu upone.

Wazee wale walidhani mkono ni ngozi.

Kidonda kilifunga kabla mpunga haujachanua. Shemeji akaja, akapiga magoti uani kwangu. "Shemeji, nyuzi zimeshatolewa. Waambie wanifungulie."

Nikamwonyesha kidole cha mwisho, kimepinda, kimekufa ganzi. Nikamwambia arudi kwake. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Daktari aliyeniunga mshipa wa fahamu kule Kahama, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alikuwa amenieleza. Seli ya mshipa ule inakaa huku shingoni, na mkia wake, mwembamba kuliko unywele, unateremka mpaka kidoleni. Ukikatwa, kipande cha chini kinakufa, na seli inaujenga upya kwa protini zinazotengenezwa huko huko juu na kubebwa safari nzima.

"Zinakwenda polepole sana, mama," alisema.

Nikamuuliza kama wapagazi wake ni wavivu. Akacheka. Zikienda zinakwenda mbio, alisema, ila muda mwingi zimesimama. Seli yenyewe inazitia alama: hizi ziendelee, hizi zitulie ziwe sehemu ya ukuta. Zikirundikana njiani ovyo, mshipa unaharibika. "Kwa hiyo uvumilie."

Kuvumilia! Polepole ndio mwendo, na mimi niliupenda mwendo ule. Jioni niligonga mkono taratibu, na pale mshipa ulipofikia palinisisimka hadi kidoleni. Kila mara mahali pale palikuwa pameshuka kidogo. Nami niliwaombea wapagazi wangu wapumzike tena, wale, walale. Ng'ambo ya ua wa minyaa shemeji alikuwa anavuna peke yake, mvua inamwozeshea mpunga, na hakuna aliyemwitikia salamu. Nilimtazama nikila, na ugali ulikuwa mtamu.

Mara kwa mara mtemi wa sungusungu alikuja kunipima. Nilifumba macho, yeye akachoma kidole kile kwa mwiba wa mgunga na kuuliza kama nasikia. Nilijibu sisikii, na ilikuwa kweli.

Baada ya mavuno ya pili alikuja tena, na shemeji nyuma yake, amekonda, haruhusiwi kusogea. Mwiba ulipoingia, maumivu yalinipanda hadi kwapani. Yalikuwa makali, na nilitaka kupiga vigelegele, kwa maana mkono wangu ulikuwa umerudi. Sikukunja uso.

"Unasikia?"

"Sisikii, baba."

Walipoondoka nikafuta damu kwenye kanga, nikashika ungo kwa mikono yote miwili, nikapepeta mchele.