Mbio za Mitumbwi Bila Vifijo

Mjomba Inson wa kijiji cha Ban Pak Huai hakujaliwa mali, nywele wala sura, lakini mdomo alipewa wa watu watatu, na yasemekana wawili kati yao walizaliwa mabubu. Siku za kawaida alikuwa fundi wa feni na vyungu vya umeme vya kupikia wali. Lakini kila mwaka mvua zilipokatika na watawa wakamaliza ile miezi mitatu yao ya kutulia hekaluni, mji mzima ulihamia kingo za mto kutazama mbio za mitumbwi mirefu, na kwa miaka thelathini na mmoja aliyezitangaza ni yeye. Mtumbwi ulipozama katikati ya mashindano aliutangazia umma kwamba wapiga kasia hamsini na watano wameamua kwa kauli moja kwenda kuwajulia hali samaki. Diwani alipoondoka jukwaani kwa haraka, Mjomba alizijulisha kingo zote mbili kwamba mheshimiwa anaenda chooni na kwamba apishwe njia, jambo ni zito. Mtumbwi wa kijijini kwake ulikuwa Bibi Dhahabu, na katika matangazo yake Bibi Dhahabu hakuwahi kuachwa nyuma hata siku moja. Alikuwa anawapisha wageni tu.

"Huyu akifa," mkewe Fongkaew alipenda kuwaambia majirani, "mwili tutauchoma Jumatatu, mdomo Jumanne."

Mwaka ule, siku sita kabla ya mbio, Mfalme akafariki. Runinga zikapoteza rangi, watangazaji wakaonekana kama picha za zamani. Nguo nyeusi zikaisha madukani kabla ya saa sita mchana, na Fongkaew akainjika sufuria la rangi uani akatia humo kila kitu cha nyumba ile, mpaka soksi, na paka aliyechungulia akatoka na masikio ya msiba. Ukutani juu ya meza ya Mjomba Inson kulikuwa na kalenda yenye picha ya marehemu, kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, maana tarehe zilikwisha lakini picha hakutaka kuitoa. Alikaa chini yake saa tatu nzima, mbele yake feni iliyopasuliwa tumbo, asiseme neno. Fongkaew aliingiwa na hofu mpaka akamshika paji la uso.

Siku iliyofuata mkuu wa wilaya, Bwana Worawit, akaitisha mkutano. Huyu alikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu aletwe kutoka mji mkuu, kijana nadhifu mwenye miwani, na mto aliujua kupitia dirisha la ofisi. Alikuja na waraka uliosema shughuli za jadi ziendelee kwa namna inayoendana na hali. Aliusoma mara tatu, na kila akiusoma ulizidi kutoeleweka. Yeye aliona heri mbio zifutwe, maana hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kuhamishwa kwa kufuta kitu. Wenye mahoteli, waliokuwa wamejaza vyumba vyote tangu mwezi wa saba, walilia msiba kwa jicho moja, na jicho la pili likawa kwenye orodha ya wageni.

Aliyetatua ni mkuu wa hekalu, mtawa wa miaka themanini ambaye mji wote humwita Baba Mtawa. Alikumbusha kwamba mbio hizi ni mkia tu, mnyama mwenyewe ni vikapu. Kila nyumba husuka kikapu, hukijaza vyakula, na hukibandika karatasi yenye jina la marehemu anayetumiwa. Watawa huzipigia kura zile karatasi, kila mtawa hupokea kikapu kilichomwangukia, na kwa sala yake thawabu humfikia aliyeandikwa. Wafu wanaijua siku ile, watakuja.

"Waliokufa hawasomi waraka," alisema Baba Mtawa, akafumba macho. Kwa watu wa huko mtu kama yeye akifumba macho mkutano umekwisha.

Basi wakakubaliana. Mbio ziwepo, vifijo visiwepo. Ngoma zisipigwe, watu wasicheze ukingoni. Wageni wasifukuzwe, ila wasifurahi kupita kiasi, na kwa ajili hiyo vikachorwa vibao vya lugha tatu: TAFADHALI FURAHINI KIMYA KIMYA. Ofisi ilitaka pia vichwa vya majoka vilivyochongwa kwenye omo za mitumbwi vifunikwe vitambaa vyeusi, lakini wapiga kasia wakagoma, wakisema joka lililofungwa macho litawapeleka mkoa mwingine. Kila joka likafungwa utepe mweusi shingoni, likawa kama karani.

Ndipo watu wote wakageuka kumtazama Mjomba Inson, maana mdomo ule haukuwa na kitambaa cha kuutosha.

Bwana Worawit alikuwa amejipanga. Utangazaji wa mbio angepewa Bi Nattaya wa redio ya mkoa, mwanamke mwenye sauti laini kama sabuni, aliyeisoma habari ya kifo huku akitokwa machozi pasipo kuharibu poda. Mjomba angebakiziwa karatasi za vikapu, azisome ili kila mwenye kikapu akipeleke kwa watawa anapoitwa.

"Majina tu, Mjomba," alisema mkuu wa wilaya, kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. "Neno moja la mbio likikuponyoka, kipaza sauti hutakishika tena mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka, Mkuu."

"Basi mpaka ufe."

Nyumbani alimkuta Fongkaew anafunga kikapu chao: wali wa kunata, ndizi, samaki mkavu, chai, na pakiti ya sigara kwa ajili ya baba mkwe, aliyekufa kwa mapafu. Mjomba akajibwaga kwenye mkeka.

"Umeambiwa unyamaze, hujaambiwa ufe," mkewe akamwambia.

"Kwangu tofauti iko wapi?"

Kisha akaanza kunung'unika, na manung'uniko yake hayakuwa na mzaha. Alimkumbusha matanga ya baba yake, siku tano: karata zilichezwa, filamu ilionyeshwa kwenye shuka, shemeji mmoja mlevi aliimba mpaka mbwa wakaomba radhi. Mama yake, macho yamemvimba kwa kulia, ndiye aliyezunguka akiwahimiza watu wapige kelele, maiti asije akaona upweke. Waswahili husema kifo cha wengi harusi. Watu wa Ban Pak Huai hawaujui msemo huo, wao huutenda tu. Sasa yeye amempoteza mtu ambaye picha yake imemtazama akifanya kazi nusu ya umri wake, na anaambiwa kilio kina sauti moja tu, nayo ni kimya. Na asiyenyamaza hakufiwa.

"Nani kawaambia hivyo?" aliuliza.

"Waraka," alisema Fongkaew, akakaza kamba ya kikapu.

Siku ya mbio kingo zilijaa watu waliovaa nguo nyeusi tititi, kama kunguru waliokuja kufanya mtihani. Wageni wamefungwa utepe mkononi na mahoteli yao, wamesimama wima kwa heshima kubwa, wasijue kama wanatazama michezo au mazishi. Waliokuwa na fununu kwamba ni michezo walikuwa wachache, nao walikuwa wanauliza bia inauzwa wapi. Bi Nattaya alitangaza vizuri sana. Alisema mtumbwi wa kwanza umefika. Halafu akasema mtumbwi wa pili umefika. Baada ya raundi nne wazee walianza kusinzia, na wapiga kasia, waliozoea kutukanwa na Mjomba Inson kila mita mia, walipiga maji kama wanaokoroga uji wa mgonjwa. Mjomba alikuwa kwenye hema la watawa, kipaza sauti cha pili, alichopewa yeye, kimezimwa, anakunja na kukunjua karatasi. Alitazama kila raundi bila kupepesa. Midomo yake ilikuwa inacheza, sauti haitoki.

Kosa lililofanyika lilikuwa la Bwana Worawit mwenyewe, na mtu wa huko asingelifanya. Alihutubia kwanza. Alipanga dakika kumi, lakini kila mstari ulimkumbusha mheshimiwa mwingine wa kumshukuru, ikawa dakika hamsini na tano. Ratiba ikateleza. Fainali ikaangukia saa tano na nusu, na mtawa, kama kila mtoto wa pale ajuavyo, saa sita mchana ikigonga haruhusiwi kutia chakula kinywani mpaka kesho yake. Mitumbwi ilikuwa imeshajipanga kule juu, Bibi Dhahabu na mpinzani wake wa siku zote, Joka Jeupe la kijiji cha ng'ambo. Baba Mtawa akatazama jua, akamtuma mtu kwa mkuu wa wilaya na salamu fupi: karatasi zisomwe sasa, la sivyo marehemu wa wilaya nzima watalala njaa na watawa pamoja nao. Bwana Worawit akatazama waraka, haukuwa na aya ya namna hiyo. Akamwamuru Bi Nattaya azime chake. Firimbi ikalia, mitumbwi ikachomoka, na Mjomba Inson akawasha kipaza sauti.

Akasoma kama alivyoagizwa. "Kikapu cha Bi Tip, chaenda kwa mumewe Muen." Watu wakaitika, "Sathu," kama waitikavyo sala yoyote, ndiyo amina yao. "Kikapu cha nyumba ya Kaewma, chaenda kwa baba yao Suk." Sathu. Hapo jicho lake likamsaliti, likaenda mtoni, akaona Bibi Dhahabu ametangulia kwa kichwa kimoja. Akasita. Muen yule alikuwa wa kasia la saba ndani ya Bibi Dhahabu, na Suk alikaa nyuma yake miaka kumi na miwili. Mjomba aliwatangaza wote wawili walipokuwa hai.

Karatasi iliyofuata aliisoma hivi: "Kikapu cha Bi Lamai, chaenda kwa kaka yake Pan, kasia la tatu, Joka Jeupe." Kila neno alilosema lilikuwa la marehemu. Akachukua nyingine, akaongeza mwendo. Noi, mshika usukani, Bibi Dhahabu. Sathu. Chai na ndugu yake Chom, kasia la ishirini na la ishirini na moja, Joka Jeupe, waliogombana mpaka kaburini. Sathu, na kicheko kidogo kikapita, kikakumbuka vibao, kikajificha. Mtumbwi upi uko mbele hakusema kabisa. Lakini zile karatasi zilikuwa mkononi mwake na mpangilio ulikuwa wake, na Bibi Dhahabu alipokata maji yalikuja majina ya Bibi Dhahabu, na Joka Jeupe lilipojibu yakaja ya Joka Jeupe. Watu wa ukingo wa mbali, ambao tangu asubuhi hawakujua nani anamshinda nani, wakaanza kufuatia mbio kwa kuwasikiliza wafu wao.

Sathu zikawa nzito. Zikaangukia juu ya makasia, jina moja kasia moja, na wapiga kasia waliposikia baba zao wanaitwa walikunja migongo kama wamemwagiwa maji ya moto. Wageni nao wakajifunza neno lile wakati huo huo, wakalitamka vibaya na kwa nguvu. Polisi walimtazama mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya alitazama vibao vyake. Sala haijawahi kuitwa kifijo.

Mita mia za mwisho mitumbwi ilikuwa bega kwa bega, na Mjomba akabakiwa na karatasi moja. Kilikuwa kikapu cha wilaya, kilichochangiwa na kila nyumba. Aliifungua, akaona jina la Mfalme limeandikwa na Fongkaew kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi zile zile kubwa alizomwandikia baba mkwe. Akafungua mdomo. Ule mdomo wa watu watatu haukutoa kitu. Akajaribu tena, akalisoma lile jina polepole, bila cheo hata kimoja mbele yake maana Fongkaew hakuacha nafasi ya vyeo, na hakuna aliyeitika. Majoka mawili yalipita mstari katikati ya kimya ambacho hakikuagizwa na ofisi yoyote. Mjomba Inson alikuwa anafuta uso kwa karatasi.

Walipokwisha kula watawa, Bwana Worawit alikuja kwenye hema, miwani mkononi. Mjomba akamnyooshea kipaza sauti kabla hajaulizwa. Mkuu wa wilaya hakukipokea. Alisema wenye mahoteli wamemvamia: wageni wamelia, wamepiga picha wakilia, wanauliza lini tena. Naye amefikiria. Jambo hili lina heshima na lina mvuto, haliudhi waraka. Kwa nini lisifanywe kila mwisho wa juma mpaka msimu wa baridi uishe? Mitumbwi miwili, Mjomba na majina yake. Kipaza sauti kitakuwa chake rasmi, kwa barua.

Mjomba Inson alifikiri. Siku tano alikuwa ameishi kwa hofu ya kupokonywa kitu kile kile alichokuwa anapewa sasa.

"Mkuu," alisema, "wale nikiwaita watakuja. Wakija watajua kuna chakula."

"Sijakuelewa."

"Kila jina lina kikapu chake. Leo nimesoma mia na arobaini. Kila wiki vikapu mia na arobaini, wali, samaki, sigara za baba yangu. Halafu watawa wa kuvila. Mahoteli yatasuka?" Alisema bila kejeli, kama fundi anayemweleza mtu bei ya waya. "Siwezi kuwaita wafu waje kutazama wageni wakilia, kisha niwarudishe na njaa. Mimi ni mropokaji, Mkuu. Sijawa mwongo wa kiasi hicho."

Fongkaew, aliyekuwa anakusanya majani ya migomba mezani, aliacha kukusanya. Bwana Worawit alivaa miwani, akaivua. Kijana yule alikuwa na nyanya aliyeagwa mji mkuu kwa utulivu mkubwa, na hakukumbuka kama kuna mtu aliyemwita jina.

"Na barua?" aliuliza hatimaye.

"Sihitaji barua. Kama kipaza sauti ni cha barua, kichukue."

Mkuu wa wilaya alikaa kidogo kwenye kiti cha plastiki. Kisha akasema wenye mahoteli atawajibu yeye, na kwamba msiba ukiisha Mjomba aje mtoni aropoke kama desturi yake, ila diwani akienda chooni amwache aende. Akainuka, akageuka tena.

"Nani ameshinda lakini?"

Hapo ndipo walipokumbuka. Upande wa ng'ambo, ndani ya maji ya kiunoni, wapiga kasia wa Joka Jeupe walikuwa bado wameushikilia mtumbwi wao, wamelowa, wanatetemeka, wanangoja mtu awaambie. Mjomba Inson aliwaona waziwazi walipopita mstari. Bibi Dhahabu alikuwa nyuma kwa urefu wa utepe.

Akamtazama mkuu wa wilaya, naye akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Mjomba akainua kipaza sauti, akakisogeza mbali kidogo na mdomo.

"Joka Jeupe," alisema, taratibu, "mmeshinda. Tokeni majini, njooni mle."