Kifo Nilichokileta Nyumbani

Naandika haya leoleo, kabla sijaanza kujitetea. Jana, katika tamthilia ya Waingereza, alikufa yule mama mzee mwenye duka la mikate. Nilianza kumtazama kabla sijajua kusoma. Leo nikalia darasani, na mwalimu akaja kwenye dawati langu.

"Pole, mutoto. Umefiwa na nani?"

"Mama mmoja mzee."

"Bibi yako?"

Darasa zima lilikuwa linanitazama. Mimi hata kuomba ruhusa ya kutoka huniwia vigumu. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilisahau kwamba shuleni kwetu mwenzetu akifiwa tunaenda wote kumpa pole. Saa kumi walifika kwetu Buyenzi, mwalimu mbele. Mama alitoka jikoni na unga mikononi.

"Pole sana, mama," mwalimu akasema. "Tumesikia bibi ya Mariamu amefariki."

Mama yake mama anaishi Gasenyi, na wiki hii alikuwa na homa. Mama hakuuliza kitu. Alikaa chini palepale mlangoni akapiga yowe, majirani wakatoka. Mimi nikajibanza ukutani. Akatoa simu kwenye kitenge akapiga namba ya bibi, labda jirani angepokea.

"Halo? We, unalia nini?" Ilikuwa sauti ya bibi mwenyewe, na uani kote ilisikika.

Mama akanigeukia, mwalimu akanigeukia.

"Ni wa televisheni," nikasema.