Sahani za Msiba wa Wifi Yangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msiniite mshamba. Shule niliishia darasa la nne, lakini ng'ombe wangu hakuuawa na ushamba.

Zamani hapa Butiama mwanamke akienda msibani alibebaga kuni kichwani, na mkononi sahani yake. Yangu niliipigaga rangi nyekundu kwenye kitako isipotee. Tukishakula tunaosha, kila mtu anarudi na yake.

Wifi yangu alipofariki, mwanangu anayefanya biashara Bunda akaja na mafurushi ya sahani za plastiki, zile za kula na kutupa.

"Mama, siku hizi watu hawabebi masahani. Tutachekwa."

"Tutachekwa na nani? Na marehemu?"

Wanawake wakaangua kicheko, msibani hapo hapo. Nyumba imejaa wageni, basi nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na bado najichukia.

Wageni walipoondoka uwanja ulikuwa mweupe kwa sahani zilizotupwa. Upepo ukazipeleka zile takataka hadi malishoni, zimepakaa mchuzi na chumvi. Ng'ombe na chumvi mnawajua. Wangu alikuwa mmoja tu wa maziwa, na maziwa yenyewe ni ya mjukuu wangu aliyefiwa na mama yake akiwa bado ananyonya.

Ng'ombe akazila, akaacha kucheua. Tumbo likavimba upande wa kushoto. Alipokufa, bwana mifugo akampasua, akatoa bonge la plastiki kubwa kama mtungi.

"Ni bahati mbaya, mama," mwanangu akasema.

"Bahati mbaya hainunuliwi dukani, baba. Hii uliinunua."

Kinachonichoma ni hiyo aibu yenu. Kubeba sahani mnaona aibu. Mtoto kunywa uji wa maji matupu, hapo hamwoni kitu! Halafu mnakwenda mikutanoni Musoma kupigiwa makofi kwa kusema mazingira, mazingira, na chupa za maji mnaziacha chini ya viti.

Sasa nimebakiwa na mtamba mmoja, hajazaa bado, ana mimba. Mjukuu wangu anangoja maziwa ya huyo. Na wiki ijayo tunajengea kaburi la wifi, watu watajaa tena. Jana nikawaita wote wa nyumba yangu uani, na mwanangu akiwemo, nikawaambia:

"Kila mtu aje na sahani yake, na ninyi ndio mtaanza. Asiye nayo atakulia kwenye jani la mgomba. Na nikiona plastiki moja imevuka mlango huu, aliyeileta ataitafuna yeye kabla mtamba wangu hajaiona."