Nilivyopaka Rangi Ndege ya Faustin

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Rangi, mkubwa wa wapakaji, alinipa brashi na kopo la minio, akanionyesha behewa la kubebea mawe ya shaba, akasema, "Paka." Nikapaka. Minio ni rangi ya kwanza, ile ya machungwa inayozuia kutu. Nilipomaliza nilisimama pembeni nikijisifu moyoni, maana behewa lilipendeza kweli. Kesho yake akaniletea kopo la rangi ya kijivu. "Sasa funika yote," akasema. Jamani! Nilidhani ananiadhibu. Kwa nini mtu anihangaishe siku nzima na rangi ambayo hakuna atakayeiona?

Niliogopa kuuliza. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wapakaji wa atelie za Panda, karakana za mgodi hapa Likasi, na nilikuwa nimechukua nafasi ya marehemu baba, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana. Wanaume walikuwa wakinitazama waone kama nitalia. Sikulia. Nilipaka kijivu juu ya machungwa, mikono miwili kamili, yaani mara mbili, ya kwanza ikauke ndipo ya pili ije. Lakini nawaambieni ukweli ninyi vijana mnaodhani sisi wazee tulikuwa tunajua kila kitu: nilianza kazi bila kuelewa, na bila kuelewa ndivyo nilivyoendelea.

Shefu wa Rangi alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, na hakupenda maelezo. Alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia kila asubuhi. Alishika kopo la mastiki, ule uji mzito kama ugali unaozibia nyufa za chuma, akalitikisa mbele ya nyuso zetu.

"Weye binti, unaona hii tundu? Asidi inapita mule. Ikapita, inakula chuma kwa ndani, na weye uko nje unapaka rangi ya muzuri bule! Tundu yote, funga. Minye nikiona moja, utaanza kazi yote tena."

Na kweli alinirudisha mara tatu. Mara ya tatu nilimchukia kabisa. Baada ya hapo sikuacha tundu. Kabla ya kufungua rangi nilifumba macho na kupitisha vidole juu ya chuma, polepole, kila mahali, kwa sababu vidole huona kile ambacho macho huruka. Nikihisi tundu, hata la sindano, naziba kwa mastiki, nasugua kwa msasa mpaka palingane, ndipo napaka.

Kwa kazi hiyo nilipelekwa Kambove kwenye matangi ya asidi, chini ya Enjenia wa Matengenezo. Huyo alikuwa mpole, lakini hakuna kilichompita. Alikagua tangi kwa kupitisha kidole chake palepale nilipopitisha changu. Siku moja alimaliza tangi zima, akanigeukia.

"Mama Ntumba, mukono yako minaiamini," akasema.

Yoo! Nilirudi nyumbani nikiimba barabara nzima. Hakuna zawadi niliyowahi kupewa ikanifurahisha kama maneno yale.

Kazi ilipopungua nilikwenda kumalizia miaka yangu karibu na Mulungwishi, nikipaka madawati na kuta za shule. Mkubwa wangu wa huko alitaka kila ukuta uwe kijani chini na nyeupe juu, nusu kwa nusu. Nilimuuliza sababu. Akaniambia ndivyo alivyoukuta. Nikapaka, nikaziba matundu ya misumari, nikastaafu, nikarudi Likasi na vidole vilivyokauka kwa dawa ya kuyeyushia rangi.

Ndipo mdogo wangu Faustin akaja na ndege yake.

Faustin ni rubani. Kwa miaka mingi aliendesha ndege za wengine, akipeleka dawa vijijini na kurudi na wagonjwa, mpaka akapata ndege yake mwenyewe, ndogo, ya viti vinne, kuukuu. Rangi yake ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mafundi wanaopaka ndege wako mbali, kwa hiyo akaamua tuipake wenyewe, pale pale penye kibanda cha mabati pembeni ya uwanja wa ndege.

"Yaya," akaniambia, maana kwetu ndivyo dada mkubwa anavyoitwa, "minye niko na ndeke, na weye uko na mukono. Tutafuta mwingine kwa nini?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Lakini tangu asubuhi ya kwanza nilichanganyikiwa. Nilifika na minio, akaikataa: eti chuma cha ndege ni cha aina nyingine, kinataka rangi yake ya kwanza, ya kijani iliyokaribia njano. Nikasema basi nitapaka mikono mitatu ili idumu. Akashika kichwa.

"Aa-aa, yaya! Hii haiko tanki ya Kambove. Kilo moja ya rangi ni kilo moja ya dawa minaacha chini. Paka kidogo tu."

Kidogo tu! Maisha yangu yote niligombezwa kwa kupaka kidogo. Nilinuna siku nzima. Hata hivyo nilimtii. Tulisugua pamoja, tukafunika vioo kwa karatasi na gundi, akanionyesha kibomba kilichochomoza chini ya bawa, akaniambia nikifunge kwa kitambaa, rangi isiingie. Kisha akaenda mjini kushughulikia makaratasi ya ndege, akaniacha na pistole ya kupulizia rangi.

Nikafumba macho, nikapitisha vidole. Ubavuni, nyuma ya mlango, nikahisi tundu. Dogo, la sindano. Sikujiuliza lolote. Nikaliziba, nikasugua mpaka pakalingana, nikapuliza nyeupe juu yake. Wallahi, nilifurahi kuwa nimeliona.

Faustin aliporudi rangi ilikuwa imekauka. Alizunguka ndege akicheka peke yake kama mtoto. Akaondoa karatasi za vioo na kitambaa cha kibomba, akajaribu injini, akaniambia ataruka mzunguko mmoja tu, ashuke. Hali ya hewa ilikuwa safi. Akapanda juu, ndege nyeupe kabisa, na mimi na mlinzi wa uwanja tukapiga makofi.

Akazunguka mara moja. Hakushuka. Akazunguka mara ya pili, ya tatu. Mlinzi akaacha kutabasamu.

"Mama, ndeke haizunguke vile bule," akasema. "Kuko kitu."

Nilianza kuomba kwa sauti, nikichanganya Kiswahili na Kiluba, sijui hata nilimwambia Mungu nini. Mara ya tano alikuja chini kwa kasi mno, magurudumu yakagonga ardhi, ndege ikaruka tena, ikagonga tena, ikakimbia mpaka majani marefu ya mwisho wa uwanja. Ikasimama hapo. Nilikimbia na umri wangu huu nikaacha viatu njiani.

Alikuwa mzima. Alikuwa amekaa ameshika usukani, jasho linamtiririka.

"Sindano ya kupima urefu wa kwenda juu ilikataa kutoka chini," akasema. "Niko juu kabisa, yenyewe inaniambia ningali uwanjani. Ya mwendo nayo inasema ninapunguza, na masikio inasikia upepo inapiga. Sikujua niamini nini." Kisha akanitazama. "Yaya, ubavuni kulikuwa katundu kadogo. Iko wapi?"

"Nilikafunga," nikasema. "Nilifunga zote."

Akanieleza kwamba ndege hupumua hapo. Hewa ya nje huingia kwa tundu lile, na hewa hiyo ndiyo inayoziambia sindano ukweli. Nililia palepale kwenye majani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. "Kosa ni yangu pia," akasema. "Minye nilipaswa kukagua. Niliangalia rangi, sikuangalia ndeke." Fundi wa ndege alikuja akalizibua, akapima kila kitu, na Faustin akarudi angani kwa wagonjwa wake.

Mimi ndiye ambaye sijarudi sawa. Mnataka niwafundishe kupaka rangi, na sijui niwaambie nini. Mkono uliosifiwa Kambove ndio mkono uliotaka kumuua mdogo wangu, na siku hiyo haukufanya kosa hata moja katika yale niliyofundishwa. Shefu alinidanganya? Hapana, tundu la tangi lizibwe. Basi nilikosea wapi? Nimeligeuza swali hili kichwani nimechoka.

Faustin bado ananiita kila anapotaka kuruka. "Yaya, njoo uniangalilie," anasema, wala hataki mwingine. Naenda, napitisha kidole ubavuni, na siku nyingine vidole hivi vyangu vilivyokauka havihisi kitu, nalazimika kuinama na miwani mpaka nilione lile tundu. Nikishamwambia, "Iko wazi," nazunguka upande wa pili, napanda, nafunga mkanda, nakaa kando yake.