Mguu wa Baba Mkwe

Nyumbani kwa mume wake walimwita Injinia kabla chuo hakijamwita hivyo. Mawifi ndio walioanza, kwa utani, siku alipofufua pasi iliyokufa kwa kutumia kisu cha jikoni, na jina likamganda. Yeye alikuwa akicheka na kuwaambia, "Subirini kwanza nimalize."

Na kumaliza kwenyewe, ndugu zangu, si kama watu wa nje wanavyodhani. Shahada ya uzamili ya uhandisi wa tiba, elimu ile inayooanisha chuma na nyama ya binadamu, haitolewi kwa sababu ulihudhuria. Kuna masomo ya darasani, na ukianguka moja unalirudia. Kuna semina, ambapo unasimama mbele ya wenzako wakupekue kwa maswali mpaka koo likauke. Kuna utafiti wako mwenyewe, na tasnifu ya kuueleza. Halafu unakaa mbele ya watahini uitetee, usahihishe walichokosoa, ndipo upewe joho. Injinia alikuwa amevuka darasa na semina, akabakiza kumaliza utafiti, kuandika tasnifu na kuketi mbele ya watahini.

Utafiti wake ulihusu mguu wa bandia wa watu waliokatwa juu ya goti. Si mguu mzima, ila kikombe chake tu, yaani ile sehemu ya juu ambayo kigutu cha paja huingia. Kikombe kikibana, ngozi inachubuka. Kikilegea, mtu anapiga mweleka. Yeye alikitengeneza cha plastiki nyepesi, chenye ukingo mwembamba, na mashine ya maabara ilikitembeza mchana kutwa bila kupata ufa. Lakini mashine haina ngozi. Walihitajika watu wakivae katika shughuli zao za kila siku, na kamati ya maadili ya chuo ikaruhusu kwa sharti moja: kila wiki mtafiti, au fundi wa maabara yake, amkague mvaaji ngozi kwa macho.

Watu walipatikana. Kisha mmoja akahama mji ghafla, na muda wa Injinia ulikuwa umeshafika ukingoni. Hapo ndipo alipomfikiria baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuwa kinyozi. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya lori angali kijana, na tangu hapo alikuwa akinyoa watu amesimama juu ya mguu wa bandia uliolia kama bawaba kavu. Alipoelezwa shida ya mkwewe hakumwacha amalize.

"Mwanangu, kama mguu wangu utakufikisha huko, uchukue. Pole tu kwamba nimebakiwa na mmoja."

Chuoni, msimamizi wake, mama mmoja mpole anayesoma kila neno, aliuliza, "Huyu mpya ni nani?"

"Ni kinyozi mmoja ninayemfahamu."

Hakusema uongo. Alisema tu sehemu ya ukweli iliyokuwa fupi.

Siku ya ukaguzi wa kwanza, wiki moja tangu mzee aanze kukivaa kikombe kipya, alifika kwa wakwe na glavu na tochi ndogo. Mzee alikuwa ameketi sebuleni, amevaa suruali yake pana, mikono juu ya magoti. Mama mkwe alipoona glavu zinatolewa alikohoa, akasema kuna sufuria inamwita, akatoka.

"Sasa, Baba," Injinia alianza, macho yake yakiwa sakafuni, "inabidi niangalie kigutu. Ngozi yake."

Mzee alitazama ukuta kama aliyesikia habari ya msiba wa mbali. "Mimi nikuvulie suruali wewe? Mke wa mwanangu?"

"Ni kazi tu, Baba. Kama daktari."

"Daktari simpikii wali wa harusi."

Wote wawili wakacheka, kicheko kile cha watu wanaotafuta mlango wa kutokea. Mlango ukapatikana. Mzee aliingia chumbani na kioo chake cha mkononi, kile anachowaonyeshea wateja kisogo, akashusha pazia. Injinia akabaki sebuleni amesimama, tochi mkononi, anaongea na kitambaa.

"Ikoje, Baba?"

"Safi."

"Hakuna wekundu? Upande wa ndani, pale juu ya ukingo?"

"Safi kabisa, mwanangu. Kama ya mtoto."

Naye akaandika: ngozi imekaguliwa, haina jeraha.

Ndivyo ilivyoendelea, wiki baada ya wiki. Mumewe angeweza kumsaidia, lakini alikuwa akifundisha mbali na kurudi mara chache. Fundi wa maabara, mwanamume mwenye moyo mwema, angekwenda kama angeombwa. Ila kumwomba kulimaanisha kueleza kwa nini, na maelezo yangefika kwa msimamizi. Basi pazia likazoeleka. Mwishowe hata tochi aliiacha ofisini.

Kule kinyozini mzee alikuwa hana habari nyingine. Mteja akikaa tu, kabla hata hajafungwa shuka shingoni, anaambiwa, "Mguu huu katengeneza mkwe wangu. Chuo kikuu kinausoma."

"Na wewe unafaulu, mzee?" wanamtania.

"Mimi ni kitabu. Kitabu hakifanyi mtihani."

Kinyozi mwenzake, waliyemwita Mkasi kwa ukali wa ulimi wake, aliongeza, "Kitabu gani kinalala mchana?"

Injinia alikuwa amepita kusalimia siku aliyoyasikia hayo. Watu walicheka, naye akacheka. Lakini aliona mzee ananyoa akiwa amekaa kwenye kigoda kirefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliona pia kwamba alipoinuka alishika kwanza ukingo wa meza, na midomo yake ikabanana.

"Baba, unaumwa?"

"Uzee, mwanangu. Uzee hauna kikombe."

Angeweza kuuliza tena. Tasnifu ilikuwa imeshakwenda kwa watahini, na sura ya nne ilisema kwamba wavaaji wote walimaliza bila jeraha. Aliaga. Njiani alijiambia maneno mengi kuhusu uzee, na hata yeye hayakumwingia.

Siku chache kabla ya utetezi alikwenda kumpelekea mzee shati jipya, maana familia nzima ilikuwa imejipanga kumsindikiza. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

"Yuko nyumbani," Mkasi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Jana tulimbeba."

Alimkuta mama mkwe uani, anafua soksi ndefu zile za kuvalia kigutu. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya chai. Mama alizizamisha haraka, kisha akaona hakuna faida, akaziacha zielee.

"Tangu lini, Mama?"

"Zamani."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kuandika." Mama alijifuta mikono kwenye kanga. "Na mimi nilikuona unauliza pazia, mwanangu. Nikasema, huyu kasoma, labda ndivyo inavyofanywa."

Hakulisema kwa kuchoma. Angechoma ingekuwa nafuu.

Chumbani mzee alikuwa na homa. Alipomwona alivuta shuka mpaka kifuani. "Nitakuwepo siku yako. Ni mafua."

"Baba, naomba nione."

"Umeshamaliza. Andika safi."

"Baba."

Mzee aligeuza uso ukutani, akaachia shuka. Upande wa ndani wa paja, pale pale ambapo ukingo mwembamba unapumzika, palikuwa na kidonda kimeliwa ndani, na juu yake makovu ya vidonda vingine vilivyokwisha kupona na kuchimbika upya. Injinia aliufahamu ule mstari. Aliupiga msasa kwa mkono wake mwenyewe, akausifia katika tasnifu kwa wembamba wake.

Zahanati ilikuwa karibu. Muuguzi alisafisha kidonda, akakunja uso.

"Hiki si cha jana. Mzee, kwa nini ulikificha? Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, muuguzi. Nimebakiza kuficha tu."

Muuguzi hakucheka. "Ni ule mguu wa majaribio anaousifia mzee, si ndiyo? Nani alikuwa akimkagua?"

Injinia alifungua mdomo. Mzee akamtangulia.

"Huyu hapa. Kila wiki, hajakosa hata moja. Taa ya kwangu ndiyo mbovu."

Ndugu zangu, kuna aibu ya kukamatwa, na kuna aibu ya kutetewa. Ya kukamatwa unaweza kuikasirikia. Hii nyingine haina pa kushikia. Alisimama pale akimtazama mzee anayetafunwa nyama na mguu alioutengeneza yeye, na bado anadanganya ili kumkinga, na masikio yake yakawaka kana kwamba yamepigwa makofi.

"Si taa," alimwambia muuguzi, kwa sauti ndogo. "Sikuwa naangalia."

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa msimamizi kabla ofisi hazijafunguliwa. Alisema yote akiwa amesimama. Pazia, kioo, kigoda, na kwamba kinyozi yule ni baba mkwe wake. Msimamizi alivua miwani, akaiweka juu ya nakala ya tasnifu.

"Ungeniambia mwanzoni ni mkweo, ningemtuma fundi wa maabara. Ingekuwa kazi ya mchana mmoja kwa wiki."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua sasa au ulijua wakati ule?"

"Wakati ule," Injinia alisema.

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. Alisema kamati lazima iambiwe, utetezi unaahirishwa, sura ya nne inafutwa, ukingo unatengenezwa upya na majaribio yanaanza mwanzo kwa watu wengine. Hakuna hakika kwamba kamati itakubali. Ikikubali, ni mwaka mwingine. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alipomaliza alimsogezea kiti, naye Injinia hakuweza kukikalia.

Homa ya mzee ilishuka. Kidonda kikaanza kukauka pembezoni. Akarudi kinyozini kwa magongo, suruali imekunjwa na kubanwa pini, akawa ananyoa kwenye kigoda. Injinia aliposikia amerudi alikwenda, na kabla hajavuka kizingiti alimsikia.

"Amemaliza, amemaliza! Watahini wenyewe wamenyoosha mikono. Mguu wameuchukua wauweke chuoni watu wauone."

"Hongera, Injinia," alisema mteja aliyekuwa na povu nusu ya uso, akimwona kwenye kioo. Wengine waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mkasi peke yake aliendelea kupangusa mashine yake.

Ilikuwa rahisi mno. Ilihitaji tabasamu tu. Mzee alimtazama kupitia kioo, macho yakimsihi.

"Sijamaliza," Injinia alisema. "Mguu ulimtoboa Baba. Mimi ndiye niliyeutengeneza, na nilitakiwa nimwangalie ngozi, sikumwangalia. Nikaandika kwamba nimeangalia."

Mteja mwenye povu alitazama magoti yake.

Wembe wa mzee ulikuwa umesimama hewani. Uso ulimshuka, kwa maana mkwewe alikuwa amejivua nguo mbele ya watu, na yeye amevuliwa pamoja naye: sasa kila mtu pale alijua kwamba kinyozi wao ni mwongo.

"Sasa hayo ya nini kuyasema hapa?"

"Kwa sababu hapa ndipo unaponisifia, Baba."

Mzee aliupangusa wembe kwenye taulo, upande huu, upande ule, ingawa ulikuwa safi. Alimwinua mteja kidevu kwa kidole, akaanza kunyoa chini ya taya, polepole kuliko kawaida.

"Watakurudisha?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui. Wanakaa kikao wiki ijayo. Wakikubali, natafuta watu wengine."

"Mimi simo?"

"Wewe humo, Baba."

Alinyoa mstari mwingine. "Watafute wasiokupenda," alisema. "Na wewe uwaangalie."

Akamwomba Mkasi amsogezee maji ya moto. Injinia alibaki mlangoni mpaka alipoona hakuna atakayemwambia kitu kingine, akaaga kwa heshima, akaitikiwa, akaelekea karakana ya chuo kuukata ule ukingo.